Mwambie daktari uso umevimba, usiache vidonge

Aliyeyaona macho yangu kwanza ni mtoto wa darasa la tano. Alikuja mezani nimsahihishie daftari, akaniangalia muda, akasema, "Mwalimu, macho yako ya njano." Hiyo ilikuwa Novemba 2016. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimechoka uchovu usioondoka kwa kulala, viungo vinauma asubuhi, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Nilishatibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja.

Vipimo vya homa ya ini B na C vikatoka safi. Mhudumu mmoja akaniambia niache pombe. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu, na maneno yale yaliniuma kuliko sindano zote nilizochomwa mwaka ule.

Hospitali ya rufaa ndiko walikopima kingamwili, yaani askari wa kinga waliomo kwenye damu, na aina yake moja iitwayo imunoglobulini G. Zote zilikuwa juu. Kisha wakachukua kipande cha ini kwa sindano. Unalala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, eneo linatiwa ganzi, unaambiwa toa pumzi uishikilie, unasikia mlio mfupi kama wa stepla, na kazi imeisha. Baada ya hapo nililalia ubavu wa kulia kwa saa kadhaa huku muuguzi akija kupima presha kila mara. Usikikimbie kipimo hiki kwa kuogopa. Ndicho kilichonipa jina la ugonjwa, homa ya ini ya kinga ya mwili (kwa Kiingereza autoimmune hepatitis): kinga ya mwili wangu inalishambulia ini langu mwenyewe.

Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hauambukizi. Nalisema wazi kwa sababu neno "homa ya ini" linawatisha watu. Wifi yangu alinitengea kikombe na sahani, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Mume wangu ndiye aliyechukua kile kikombe akakinywea chai mbele yake.

Nikaanzishiwa prednisoloni miligramu 30, na baadaye kidogo azathiopirini miligramu 50, zote dawa za kutuliza kinga ya mwili. ALT yangu, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia, ilikuwa 780, na maabara yetu inahesabu chini ya 40 kuwa kawaida. Miezi mitatu ikashuka hadi 52, wa sita ikawa kawaida kabisa. Wagonjwa wengi huitikia dawa hizi vizuri. Nikisikia watu wanailaani prednisoloni, nawakumbusha kwamba kabla yake wengi wenye ugonjwa huu mkali walikuwa wanakufa. Daktari wa ini Sheila Sherlock na wenzake wa London walionyesha kwenye utafiti wao wa mwaka 1971 kwamba waliopewa dawa hii waliokoka zaidi ya wasiopewa.

Lakini uso wangu ulivimba ukawa duara. Nilikula bila kushiba na usiku silali. Arusi ya mdogo wangu ilikaribia, na kila aliyeniona alisema nimenenepa. Kliniki nilipoulizwa "Unaendeleaje, mama?" nilijibu "Vizuri, daktari," kwa heshima na kwa aibu, maana foleni ilikuwa ndefu na nilihisi habari ya uso ni mambo ya urembo. Shangazi akaniletea chupa ya dawa ya mizizi, akaniapia inasafisha ini. Mwezi wa 14 wa matibabu nikaacha vidonge vyote bila kumwambia mtu.

Nilijisikia vizuri sana. Macho meupe, hamu ya kazi imerudi. Miezi minne baadaye nikapima damu kwa sababu nyingine, na ALT ikatoka 612. Sikuwa na dalili hata moja. Kipimo cha ugumu wa ini kikaonyesha makovu yameanza. Daktari hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mama, kwa nini hukuniambia uso unakusumbua? Ningekupunguzia prednisoloni taratibu, tukaipa azathiopirini kazi kubwa zaidi."

Basi wewe mwenzangu, yaseme. Sema uso, sema usingizi, sema hasira zinazokuja bila sababu. Dozi inaweza kurekebishwa, ila airekebishe yeye. Prednisoloni uliyoitumia muda mrefu ukiikata ghafla, mwili unakuwa umeshasahau kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na unaweza kuanguka. Na kuhusu kuacha kabisa, miongozo inataka vipimo viwe vya kawaida kwa angalau miaka miwili kwanza, na hata hapo wengi ugonjwa huwarudia.

Prednisoloni mimi huimeza asubuhi baada ya uji. Zamani niliimeza usiku, na huko ndiko usingizi wangu ulikokuwa unapotelea. Sukari na presha napimwa, mifupa pia, kwa kuwa dawa hii huidhoofisha. Azathiopirini hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo kipimo cha damu nzima sikikosi, na homa au kidonda cha koo sikisubirishi nyumbani. Ukiwa na jongo na mtu akakuandikia alopurinoli, mwambie papo hapo kwamba unatumia azathiopirini. Zikikutana bila dozi kupunguzwa ni hatari kubwa. Chanjo ya homa ya ini A na B ulizia mapema, ila zile za virusi hai usichome kabla ya kumuuliza daktari wako. Dawa za mizizi nimeacha kabisa. Shangazi nampenda na najua alinitakia mema, lakini hakuna aliyejua kilichokuwamo ndani ya chupa ile, na ini ndilo linalolazimika kukichuja.

Vidonge vya wiki mbili vya akiba hukaa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Dirisha la dawa likiniambia "hazijafika," sipitishi hata siku moja bila dozi.

Nina daftari la mistari, aina ileile wanayotumia wanafunzi wangu. Kushoto naandika tarehe, ALT, AST (kimeng'enya kingine cha ini), imunoglobulini G na chembe nyeupe. Kulia naandika ninachotaka kusema kliniki, kwa sababu nikishakaa mbele ya daktari ulimi hukauka na "vizuri" hutoka wenyewe. Sasa namfungulia ukurasa asome. Mara ya mwisho ALT ilikuwa 24.

Kliniki ijayo ni Jumatano. Upande wa kulia tayari kuna mistari miwili: magoti yanauma nikipanda ngazi, na je, mwaka huu naweza kufunga Ramadhani yote?