Ulikeketwa na sasa una mimba? Mwambie nesi mapema

Mi ni Mkurya wa Tarime, nilikeketwa Desemba nikiwa na miaka 12. Naandika kwa wadada ambao yameshatukuta, manake kampeni nyingi zinaongelea mabinti ambao bado hawajakatwa, na hilo ni sawa kabisa, ila sisi tuliokwisha katwa hakuna anayetuambia tuishi vipi na huu mwili.

Siku yenyewe sitaisimulia yote. Kinachonirudia zaidi ni mkojo, niliubana mpaka kesho yake kwa kuogopa ule mchomo, tumbo limejaa, bibi ananiambia jikaze wewe sa hivi ni mkubwa. Kwetu ukiitwa msagane, yaani msichana asiyekeketwa, ni tusi kubwa kwa hiyo unajikaza, na mimi nilijikaza miaka yote hadi leba.

Kliniki nilihudhuria vizuri tu, presha, damu, kila kitu, ila sikusema na hakuna aliyeniuliza. Sasa kovu halitanuki kama nyama ya kawaida, mtoto akishuka linachanika ovyo, nikamwaga damu mpaka sauti za watu nikawa nazisikia kwa mbali. Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ikaonekana waliokeketwa wanapata zaidi upasuaji na kuvuja damu wakati wa kujifungua, na ukiwa umekatwa sana ndio hatari inapanda zaidi. Ningejua ningesema.

Na kichwani je? Miaka mingi nilijiona muoga tu. Nikipanda kitanda cha kupimiwa miguu inatetemeka yenyewe, ngoma za saro, yaani sherehe za tohara, zikianza moyo unaenda mbio, tendo la ndoa ni maumivu na kuomba liishe, mume wangu akadhani simpendi, tukagombana sana jamani, mpaka siku nilipomueleza ukweli akakaa kimya afu akasema kwa nini hukuniambia. Ongea na mwenzio, na muulize daktari kuhusu ushauri nasaha, hiyo hofu inatibiwa kama ugonjwa mwingine.

Mimba ya pili bado mdomo uligoma. Nikaandika kwenye kikaratasi "nilikeketwa" nikakiweka ndani ya kadi ya kliniki. Nesi alikisoma, akavuta pazia, akaniangalia taratibu, akaniandikia nijifungulie hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongezewa, sio zahanati ya kijijini. Safari hii walikuwa wamejiandaa kabla sijafika, nikatoka salama na mtoto. Ukishindwa kutamka fanya kama mimi, andika.

Na kama ulishajifungua kwa uchungu wa muda mrefu na sasa mkojo unavuja wenyewe, usijifungie ndani dada, inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na inatibika, hospitali ya CCBRT Dar wanatibu bure.