Kabla uhamie mtaa wa zamani Nakuru, angalia mtaro na uulize ufunguo wa choo

Nimekaa kwa hizi nyumba za zamani za manispaa huku upande wa Bondeni miaka kumi na moja sasa, na kila mara kuna mtu ananiuliza kama ahamie juu kodi iko chini na tauni unaenda kwa miguu. Mimi humwambia ahamie. Ila kabla ya kulipa dipoziti aje saa kumi na mbili asubuhi, asimame hapo kwa laini, yaani ile safu ya nyumba, aangalie mtaro kama unapitisha maji na aulize ufunguo wa choo unakaa na nani. Ukuta utajipakia rangi mwenyewe, lakini choo inayotumiwa na milango minane, yaani nyumba nane, huwezi kuiosha peke yako ukadumu.

Mimi mvua ya 2024 ndiyo ilinifunza, ile ya Aprili iliyoleta msiba wa mafuriko Mai Mahiu. Mtaro wetu ulikuwa umezibwa na plastiki na maganda, maji yakarudi nyuma, yakachanganyika na ya choo, yakaingia nyumba tatu. Wiki hiyo watoto wanne waliharisha, mmoja wao wangu, tukashinda tukimpa ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kijiko kwa kijiko na tembe za zinki (na zinki usikatize hata kama tumbo limetulia, maliza siku zote ulizoambiwa). Nilikuwa nimepiga simu ofisi inayohusika, nikapeleka hadi barua, hakuna mtu alikuja. Siku ya tano shosho wa nyumba ya mwisho alitoka na jembe na gambuti za marehemu mzee wake akaanza kuzibua bila kuita mtu. Kufika saa nne tulikuwa kumi na wawili.

Tangu hapo Jumamosi ya kwanza ya mwezi kila mlango unatoa mtu mmoja, asiyeweza anatoa mia moja ya kununua dawa ya kuosha choo na mifagio. Choo tuligawana, milango minne kwa choo moja, kila mlango uko na kopi yake ya ufunguo, na zamu zimebandikwa nyuma ya mlango wa choo. Pesa inakaa na mama mboga juu yeye hatoki hapo kwa geti na kila mtu anamwona. Na kitu moja nasisitiza, zamu ya wanaume iwe ya wanaume kweli, sio kutuma bibi. Mwanzoni tuliachia akina mama wawili wakaosha miezi mitatu, wakachoka, choo ikarudi vile ilikuwa.

Halafu maji. Hapa Bonde la Ufa visima vingi virefu viko na madini ya floraidi nyingi, ndio maana unaona watoto wa Nakuru na meno ya hudhurungi na watu wanawacheka eti hawapigi mswaki. Inaniuma sana, juu mtoto hana makosa. Jino linaharibika likiwa bado linajiunda ndani ya ufizi, kwa hivyo wa chini ya miaka nane ndio wa kuchungwa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Na kuchemsha hakutoi floraidi, kunaua vijidudu tu, na maji yakipungua kwa sufuria floraidi inazidi kukolea. Muulize mwenye mkokoteni anachota wapi, usione haya. Ya watoto kunywa na ya uji, kinga mvua kama paa ni ya mabati safi, ile ya kwanza iache ioshe vumbi, halafu chemsha. Kama paa bado ni ya asbesto usikinge. Na kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, hivyo vinapunguza floraidi kweli, milango kadhaa mnaweza kuchanga mkanunua kimoja, lakini huo mkaa unachoka, lazima ubadilishwe.

Mwisho tafuta CHP wa laini yenu, yule mhudumu wa afya ya jamii. Kila mmoja anashughulikia kama nyumba mia moja, na tangu 2023 wamepewa mikoba iko na mashine ya presha na ya sukari. Hizi mitaa ziko na wazee wengi wanaishi peke yao. Jirani yangu mzee alikuwa amekataa hospitali kabisa, anasema kichwa kinauma ni jua. CHP akampima presha hapo kwa mlango, ya juu ikasoma 190, akapewa barua ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, mimi na kijana mwingine tukampeleka. Anameza dawa hadi leo, na asubuhi nikipita nabisha kwanza, akichelewa kujibu siendi kazi mpaka nimwone.

Kwa hivyo wiki ya kwanza ukihamia, zunguka milango yote ya laini yenu usalimie, ujue nani ni mgonjwa, nani anaishi pekee yake, na uombe uandikwe kwa zamu kabla hujaulizwa.