Mwendo unaobana mafuta: upime kwenye gari lako mwenyewe

Hakuna namba moja ya mizunguko ya injini inayobana mafuta kwenye magari yote na barabara zote. Injini nyingi za petroli hutumia mafuta vizuri zaidi kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika, ila ni pale zinapobeba mzigo mzito, kama kwenye mlima. Kwenye tambarare gari linahitaji nguvu kidogo tu. Mguu ukiwa mwepesi, mlango wa hewa unabaki karibu kufungwa na pistoni zinahangaika kuvuta hewa, na kila mzunguko wa ziada ni msuguano unaoulipia. Kwa hiyo tumia gia ya juu kabisa ambayo injini inaiweza bila kulemewa.

Sasa upime. Jaza upepo matairi yakiwa baridi, kama kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza, endesha dakika 15 injini ipate moto, funga vioo, zima AC. Tafuta kipande tambarare cha kilomita 5 kisicho na foleni. Shika kilomita 60 kwa saa, ndipo urudishe kipimo cha wastani wa mafuta kwenye sifuri. Rudia kwa 70, 80 na 90. Kila mwendo uupime kwenda na kurudi, uchukue wastani. Ukipima upande mmoja tu, umepima upepo na mwinuko. Mara nyingi mshindi ni mwendo mdogo ambao gia ya juu inauweza. Kutoka 80 hadi 110, ukinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili.

Usishuke mno, hata hivyo. Ukikanyaga sana chini ya mizunguko 1,500, gari likatetemeka au injini ikagonga kama kokoto ndani ya kopo, punguza gia mara moja. Injini ndogo za tabo zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja kwenye silinda ndizo za kuonea huruma zaidi: mafuta yanaweza kuwaka kabla ya cheche na kuvunja pistoni.

Kwa otomatiki, hakikisha taa ya O/D OFF haijawaka, kwani ikiwaka gia ya juu imefungiwa. Halafu angalia mahali ambapo mizunguko inashuka kidogo ghafla ilhali mwendo haujabadilika: giaboksi imejifunga na injini. Kaa juu kidogo ya hapo.

Kwenye mteremko acha gari likiwa kwenye gia, inua mguu. Kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro, injini inayadai tena ili isizimike.