Barua kwa Mwanangu Kuhusu Ukurasa Wake wa Dagaa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi juu ya gunia hapa sokoni Mwaloni huku makuli wakishusha mzigo wa Ukerewe. Unaniuliza kwa nini ukurasa wako wa Instagram una wafuasi 3,000 ilhali dagaa ninaokupakilia kwenye basi la Dodoma wanakaa stoo wiki mbili, na kama inafaa kumlipa yule kijana aliyekuahidi wafuasi 10,000 kwa siku tano. Usimlipe.

Mimi nililipa, na baba yako hajui mpaka leo. Wafuasi walikuja kweli, wengi wakiwa na majina nisiyoweza hata kuyasoma, lakini hakuna aliyewahi kuuliza bei ya kopo la sado. Tena hasara haikuishia kwenye fedha. Tangu mwaka 2016 Instagram iliacha kutanguliza picha kwa kufuata tu saa ilipowekwa, ikaanza kukadiria nani ataipenda picha ipi. Kwa hiyo ukiujaza ukurasa watu wasiojua dagaa ni nini, picha zako huonekana hazina mvuto, na yule mama wa Area C anayepika dagaa kila Jumamosi hazimfikii.

Tangazo la kulipia silikatazi, ila ulipe ukijua unanunua nini. Ukichagua lengo la kupendwa, utatafutiwa watu wenye desturi ya kubonyeza alama ya moyo na kupita. Ukichagua ujumbe, utatafutiwa wanaoelekea kuandika. Eneo nalo liwe Dodoma peke yake, kwa sababu mtu wa Arusha akivutiwa na mzigo usioweza kumpelekea, umelipia sifa.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi: «bei njoo inbox». Mmefundishana ninyi vijana kwamba bei ikifichwa mteja atalazimika kuandika, na kwamba akishaandika amenasa kama sangara kwenye ndoano. Hapa sokoni mtu akisimama mbele ya fungu na muuzaji akakwepa kutaja bei, husogea hatua mbili tu na kununua kwa jirani. Kwenye simu hata hizo hatua mbili hazipo, ni kidole tu. Nimeona watu tisa wamekuuliza bei hadharani, na wewe umewajibu kesho yake jioni, wakati mboga ilikwisha kupikwa na kuliwa. Andika bei ya sado, ya debe na ya gunia, na useme kama usafiri umo ndani yake au haumo.

Lililonisikitisha zaidi ni yale maoni uliyoyafuta, ya dada aliyesema dagaa wako wana mchanga. Alisema kweli, mwanangu. Mzigo ule ulianikwa chini ufukweni kwa sababu chanja za kuanikia zilikuwa zimejaa, nami nilikwambia hivyo ulipopokea. Ungemjibu palepale kwamba shehena hiyo ilikuwa ya mchangani, ukamrudishia fedha au ukamwahidi wa chanjani, wengine wote waliokuwa wakisoma kimya wangejua kwamba unazijua bidhaa zako. Ulipofuta, alirudi akaandika tena kwa ukali zaidi, na sasa hayo ndiyo yanayosomwa. Halafu ile picha uliyookota mtandaoni ni ya dagaa wa Kigoma, wa Ziwa Tanganyika. Mtu yeyote aliyekulia kwenye ziwa letu la Victoria anaona hilo kabla hajasoma maneno. Nitakutumia picha ya chanja zetu wenyewe, hata kama simu yangu haipigi vizuri.

Kuwapo kwenye kila mtandao si lazima. Wanunuzi wako wa kurudia wako WhatsApp, ila kumbuka kwamba ujumbe unaoutuma kwa orodha ya watu wengi humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, na orodha moja hubeba watu 256. Kwa hiyo kila unapomkabidhi mtu mzigo, mwombe aihifadhi namba hapo hapo, mkiwa bado mmesimama.

Wanaokwambia uchapishe kila siku bila kukosa hawajaishi na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika. Ukitangaza «mzigo mpya umefika» katika siku hizo, wanaoujua uvuvi watakucheka na wasioujua watakulipa fedha za mzigo usiokuwapo.

Wiki hii mbalamwezi imekolea, na mzigo utachelewa siku sita au saba. Waandikie leo wote waliokwisha kulipa, kabla wao hawajakuuliza, kisha unijulishe wanaotaka kurudishiwa fedha ni wangapi.

Mama yako,
Kirumba, Mwanza