Mgeni katika Chama cha Wafanyakazi: Barua kwa Mwanangu Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesema kwamba washonaji wanne wa kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River walifika ofisini kwenu kutaka msaada wa sheria kuhusu saa za ziada wasizolipwa, na mazungumzo yakaishia kwenye chama cha wafanyakazi. Sasa unaniuliza kama wewe usiyefanya kazi pale unaweza kuwaanzishia chama, au utakuwa umejitia katika shughuli ya watu.

Kujitia si kosa, maadamu umeitwa. Makhan Singh, yule mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake mwenyewe, hapo Nairobi, na hata hivyo mwaka wa 1935 wafanyakazi walimkabidhi ukatibu wa chama chao, naye akawafungulia milango watu wa rangi zote. Linalonitia shaka ni hilo neno lako "kuwaanzishia".

Nilipokuwa kijana katika ghala moja la Changamwe, alitujia bwana mmoja msomi, mwenye maneno matamu. Aliandika madai yetu kwa mkono wake, akayatia sahihi peke yake, na meneja alipomwita akaingia peke yake. Alipotoka alituambia tungoje. Tulingoja mpaka wenzetu sita, wale walioonekana wakimpigia makofi, wakakuta majina yao hayamo katika orodha ya zamu. Sidhani kwamba alikuwa mtu mbaya. Lakini hatukupata kujua alichokisema mle ndani, na yeye hakuwa na zamu ya kupoteza.

Babu yako naye, aliyekuwa kuli bandarini, alikuwa akinisimulia mgomo wa Januari 1947, Mombasa iliposimama kwa siku 12. Chege Kibachia, aliyekuja kuliongoza shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa katika mgomo ule, hakuwa kuli, na makuli walimpenda kwelikweli. Mwezi wa Agosti serikali ilimkamata ikampeleka uhamishoni Kabarnet, na baada ya muda mfupi shirikisho lenyewe likafifia. Babu yako alikuwa akilaumu serikali, nami nailaumu vilevile, lakini hujiuliza ni wangapi waliokuwa wameandaliwa kushika nafasi yake.

Kwa hiyo, mwanangu, usianzishe chama kipya. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inakataza mtu yeyote kuandikisha wanachama wa chama kinachotaka kuundwa kabla ya kupata cheti cha Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi, na Msajili anaweza kukataa kukisajili ikiwa kipo chama kingine kinachowakilisha sekta hiyo vya kutosha. Washonaji na wafanyakazi wa nguo wana chama chao kilichosajiliwa tangu zamani. Najua vijana mnaviona vyama hivyo kuwa vimelala, na pengine hamkosei, lakini kukiamsha kilicholala ni kazi ndogo kuliko kujenga msingi upya huku mwajiri akikutazama. Wapeleke wale wanne kwa katibu wa tawi, wazungumze wao, nawe ukae pembeni na daftari lako. Kifungu cha 56 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri awaruhusu maafisa wa chama au wawakilishi waliopewa idhini waingie kiwandani kuandikisha wanachama na kukutana na wafanyakazi nje ya saa za kazi, ingawa anaweza kuweka masharti ya wakati na mahali, na kudai vitambulisho. Ukitaka kuingia, ingia kwa idhini hiyo ya maandishi. Bila hiyo wewe ni mtu wa njiani tu, na askari wa getini atakuwa na haki ya kukurudisha.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo wengi huumia. Mfanyakazi hujiunga kwa kutia sahihi Fomu S, inayomruhusu mwajiri kumkata ada ya chama, na fomu hiyo lazima imfikie mwajiri mwenyewe. Maana yake ni kwamba siku fomu zinapowasilishwa, majina yote yako mezani kwa meneja. Zikipelekwa kumi kumi, kila kumi watajulikana wakiwa wachache, na ikiwa ni vibarua wa kulipwa kwa siku, hawataitwa kesho yake. Zikusanyeni kimya kimya, nyumbani na matatuni, hata zipite nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, kwa sababu chama chenye wingi huo ndicho ambacho sheria inamlazimu mwajiri kukitambua kwa ajili ya kujadiliana naye. Kisha zipelekwe zote kwa siku moja. Fomu zitunzwe na mmoja wao, si katika kabati la ofisi yenu.

Wakifutwa kazi wachache licha ya hayo yote, hapo ndipo kisomo chako kitakapohitajika hasa: kumbukumbu za tarehe, nakala za barua, na kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Waeleze tangu sasa kwamba kesi huchukua muda mrefu, ili anayetia sahihi ajue anachokitilia sahihi.

Mama yako anakusalimu. Ukija Idi, niletee nakala ya katiba ya chama hicho, nitazame kwanza wawakilishi wa kiwandani wanachaguliwa vipi, na na nani.

Baba yako