Ukungu wa kijani ukiingia bandani, weka kijiko chini

Kati ya mifuko 60 ya uyoga, ya nailoni iliyojazwa makapi na mbegu, niliyoning'iniza bandani kwangu Mikindani, Mombasa, 41 niliizika mwenyewe kwa jembe. Hasara hiyo sikuletewa na mtu. Niliitafuta kwa kijiko cha chai.

Mfuko wa kwanza ulikuwa na doa dogo tu, kama sarafu ya shilingi ishirini. Siku mbili kabla lilikuwa jeupe pee, nikadhani ni nyuzi za uyoga zinashika kasi. Nikalikuta limegeuka kijani cha pojo, na juu yake vumbi laini kama unga. Nikapasua nailoni, nikakwangua lile doa, nikapuliza siki, nikafunga kwa selotepu. Kisha, kwa mikono ileile, nikapita kwenye mifuko mingine kuitoboa matundu. Na feni inazunguka! Wiki haikuisha, safu nzima ya chini ilikuwa kijani.

Bi mkubwa wa jirani, mwuza mahamri, alichungulia mlangoni.

"Mwanangu, unga wangu ukiota ukungu waniona nikiukwangua?"

"La, bi. Wautupa."

"Haya. Wewe hapo wafanya nini?"

Nilinuna, lakini usiku nikaanza kusoma, na kilichonifungua macho ni sisimizi wakata majani wa Amerika ya Kati na Kusini. Huku kwetu hawapo; kwetu mkulima wa uyoga ni mchwa, na mazao yake tunayaona yakichomoza kwenye vichuguu mvua ikinyesha. Hao wa Amerika hukata majani mabichi, huyatafuna, kisha huyalisha kuvu wanayoifuga chini ya ardhi. Chakula cha makinda yao ni hiyo kuvu, si majani. Nao wana adui yao shambani, kuvu nyingine iitwayo Escovopsis. Mwaka 1999 Cameron Currie na wenzake, waliokuwa wakichunguza mashamba hayo Panama, walionyesha kwamba ukiwaondoa sisimizi, Escovopsis inaweza kulifunika shamba zima kwa siku chache. Ukungu wangu wa kijani, Trichoderma, ni wa ukoo mmoja na hiyo Escovopsis. Nikasema basi, hawa ni wakulima wenzangu, tena wamenitangulia mamilioni ya miaka.

Tazama wanavyofanya. Mbegu za ukungu zikiwa chache, huzilamba na kuzikusanya katika kijifuko kilichomo kinywani. Shamba likishashikwa, hawatibu. Hung'oa kipande chote, kilichooza pamoja na chenye afya kilichokizunguka, wakakipeleka jaani. Na kuna aina ambazo wafanyakazi wa jaani ni wa jaani tu; mmoja akijaribu kurudi shambani, wenzake humshambulia.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa jaani anayezurura shambani.

Kwa hiyo siku hizi ukiona doa, usifungue mfuko. Uvishe mfuko mwingine palepale ulipo, taratibu usitimue vumbi, funga kwa kamba, ndipo uutoe. Hiyo iwe kazi ya mwisho ya siku, halafu ukaoge na nguo uzifue. Asubuhi anza na mifuko michanga, umalizie na ile mikongwe. Shimo la kuzikia liangalie upepo: kaskazi ikivuma, kulichimba upande wa kaskazini mashariki mwa banda ni kujiletea vumbi mwenyewe. Kusi ikianza, hesabu inabadilika.

Chanzo nacho kitafute. Mimi nilimpigia simu aliyeniuzia mbegu za uyoga, yaani punje zilizoota nyuzi zake, nikamfokea, na sikuwa na haki. Malkia wa wale sisimizi huondoka kwao na kipande cha kuvu kinywani, na watafiti walikuta malkia hao hawabebi Escovopsis. Ugonjwa huja baadaye, kutoka nje. Hata kwetu, kijani kikianzia kwenye punje za mbegu, mlaumu muuzaji. Kikianzia katikati ya makapi, mbali na mbegu, jilaumu. Changu kilianzia kwenye makapi.

Nilikuwa nikitumia makapi ya miwa, ninayopewa bure na wauza juisi. Ni mazuri, ila yanabaki na sukari, na Trichoderma huipenda sukari kuliko uyoga unavyoipenda. Tena kwa ubahili wa kuni nilikuwa nikiyachemsha dakika 20 tu, ndani ya pipa la lita 200. Katikati hata joto halijafika. Sasa nayaloweka, nayasuuza mpaka maji yasiwe matamu (naonja, ndiyo), nayachanganya na mabua makavu, na saa naihesabu baada ya pipa lote kuchemka. Saa moja kamili.

Kuna wanaoniuliza kuhusu dawa. Sisimizi wengi wa jamii hiyo wana unga mweupe mwilini ulioaminiwa kuwa nta, kumbe ni bakteria wanaotengeneza dawa ya kuizuia Escovopsis. Basi mtu akisikia hivyo anakimbilia kapsuli za duka la dawa. Usipoteze pesa. Antibiotiki za kumeza hulenga bakteria, na ukungu si bakteria. Kwanza hata sisimizi wenyewe, pamoja na dawa yao, bado wanang'oa na kutupa.

Msimu huu nina mifuko 24. Ijumaa nimeuona mmoja una doa chini, na upande wa pili uyoga ulishaanza kutoa vichwa, vinene, vya kuuzika soko la Kongowea kesho yake. Nimeufunga na vichwa vyake.