Usonji ni ugonjwa au ni tofauti tu? Jibu la mama wa wawili

Mleta mada, umeuliza kama usonji (autism, hali inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine) ni ugonjwa au ni namna nyingine tu ya kuwa binadamu. Nina watoto wawili wenye usonji. Kila nikisoma mabishano haya naona mmoja wao anazungumziwa na mwingine amesahaulika.

Binti yangu anaongea, anasoma, na atakutajia miezi mikubwa ya sayari ya Mshtarii na siku ambazo kila mmoja hutumia kuizunguka. Akifurahi anapunga mikono, na hapendi kumtazama mtu machoni. Hapo sioni cha kutibu. Kinachomuumiza ni mwalimu anayemshika kidevu ili amtazame. Mtafiti Damian Milton aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili, kwa sababu na sisi hatuwaelewi wao. Naliona hilo nyumbani: akija rafiki yake ambaye naye ana usonji, wanapiga soga mpaka giza linaingia.

Kaka yake hasemi. Kelele zikimzidi anajing'ata chini ya kidole gumba, na ngozi ya pale imeota sugu. Usiku halali. Ana kifafa pia. Mtu akiniambia hiyo ni tofauti tu, naumia, maana si yeye anayekesha naye. Hata hivyo kifafa si usonji, ingawa huwapata zaidi wenye usonji, na kina dawa zake. Kujing'ata nako kulipungua alipofundishwa kutumia kadi za picha. Sasa akiumwa sikio analeta kadi ya sikio. Kumbe sehemu kubwa ya mateso yake ilikuwa kukosa njia ya kutuambia.

Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unawapa wanangu wote wawili jina moja. Zamani binti angeitwa mwenye Asperger, jina walilopewa wenye usonji ambao hawakuchelewa kuongea. Lakini mwongozo huohuo una viwango 3, kulingana na msaada anaohitaji mtu, na mimi hapo ndipo ninaposhika.

Kwenye karatasi ya hospitali acheni iandikwe kasoro, kwa sababu bila hiyo shule nyingi hazitoi msaada. Nyumbani tibuni kinachomuumiza mtoto mwenyewe, si kinachowaaibisha wageni. Na kama wako hasemi, mtafutieni njia ya mawasiliano mapema, iwe kadi, ishara au tableti, bila kungoja aanze kuongea.